Kompyuta thelathini na moja, Mwalimu J.O.



Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Migori mjini na mke wangu na watoto wetu watatu. Mwaka 1997, nilipomaliza Kidato cha Nne, kaka yangu mkubwa aliyekuwa akiuza omena Mbita alinilipia karo katika chuo kimoja cha biashara Homa Bay, nikasome pakeji. Tulifundishwa DOS, WordPerfect, Lotus na dBase. Tulikuwa kumi na wawili kwa kompyuta nne. Kila nilichokuja kuwa kilianzia pale. Kaka alifariki mwaka 2004.

Miaka kama sita iliyopita saiba moja hapa mjini ilifungwa, mwenyewe akaniuzia kompyuta zake kwa bei ya skrepu. Nilipowasha ya kwanza nikasikia ule mlio wa Windows 95, machozi yalinitoka. Tangu hapo sijaacha kununua. Sasa ninazo 31. Nyingi ni Pentium za saiba, mbili ni 486 kama zile za chuoni, moja ni Amstrad PCW niliyoipata misheni, na moja ni Commodore 64 iliyoachwa na mwalimu Mzungu aliyestaafu. Tatu nilizitoa stoo ya shule yetu; naibu wa mkuu aliniambia nichukue tu.

Zimejaa chumba cha watoto, nao wanalala sebuleni. Mke wangu, Nyar Kendu, alivumilia hadi Agosti, alipogundua kwamba mkopo wa SACCO wa shilingi 140,000 niliomwambia ni wa kumalizia nyumba ya kijijini uliishia kwenye kompyuta, sehemu kubwa. Ameniambia nichague. Binamu yangu ananishauri nikope tena nifungue makumbusho, watalii walipe. Kuna pia bwana mmoja wa Macalder aliye tayari kununua zote avunje bodi za ndani atoe dhahabu.

Usiku, wote wakishalala, huwasha moja moja nikasoma barua ambazo watu waliandika saiba miaka ile. Hunituliza. Mama, je, mimi ni mgonjwa? Nifanye nini?

J.O., Migori

Mwanangu J.O.,

Barua yako nimeisoma taratibu, kalamu mkononi. Umefunga mambo matano kwenye gunia moja: majonzi, mapenzi ya mashine, deni, siri za watu na mali ya shule. Gunia la namna hiyo, hata anayelibeba hajui ni kipi hasa kinachomchoma mgongoni. Tulifungue basi, na mengine usitarajie niyataje kwa sauti ya upole.

Huna ugonjwa

Mtu mzima anayetokwa na machozi kwa sababu ya mlio wa Windows 95 hana kichaa. Mlio ule wa sekunde chache ulitungwa na mwanamuziki Mwingereza, Brian Eno, kwa kuagizwa na kampuni ya Windows, ili umguse anayewasha mashine. Umekugusa. (Eno mwenyewe alikuja kusema kwamba aliutunga kwenye Macintosh, kompyuta ya washindani wao. Wewe mwalimu utalipenda hilo.)

Uingereza na Marekani wako watu wengi wa rika lako wanaotafuta Commodore 64 na Sinclair Spectrum za mwaka 1982, wakazisafisha, wakabadilisha vipuri, wakakesha nazo. Kuna Computer History Museum kule California, na Cambridge kuna Centre for Computing History, ambako mgeni huruhusiwa kuketi akachapa kwenye mashine zenyewe. Mapenzi haya yana wenzako wengi duniani na hayana aibu.

Na pole kwa kaka. Umemwandikia mistari miwili tu katika barua ndefu, tena ukaipitia haraka kama mtu anayekanyaga kaa. Nimeona.

Kaka alilipia nini

Hapa ndipo ninapotaka ukae unisikilize. Yule Mwingereza anayekusanya Spectrum anakitafuta kitu kilichokuwa chake. Mashine ile iliuzwa iwekwe nyumbani, ichomekwe kwenye televisheni ya sebuleni, mtoto acheze baada ya shule. Anapoinunua ukubwani anarudishiwa chumba chake cha utoto.

Kwetu South Nyanza hakuna aliyekuwa na kompyuta chumbani. Miaka ya 1980 Aga Khan Foundation ilijaribu kompyuta katika shule chache za sekondari nchini. Huku kwetu mashine zilikuja kupitia misheni, mashirika na ofisi za serikali, kisha katika miaka ya 1990 zikaja na vile vyuo vya ghorofani vyenye kibao cha rangi kilichoandikwa pakeji zote. Unakumbuka chumba chenyewe kuliko mimi: mlango wa vyuma, pazia zito lisiruhusu vumbi, viatu nje, kila kompyuta imevishwa kitambaa cha kushonwa. Mmoja anashika kibodi, wa pili anamsomea amri kutoka kwenye daftari, wa tatu anaangalia saa ya ukutani. Ukikosea kuandika herufi moja kwenye DOS, mashine inakujibu kwamba amri hiyo haijui, na chumba kizima kinacheka.

Pale hukuwa na kompyuta, Mwalimu. Ulikuwa na zamu. Kaka yako aliuza omena akakununulia zamu, saa yako ya kukaa mbele ya kile kioo watu wengine wakingoja nyuma yako, na mwingine akikusaidia. Hata saiba zilizokuja baadaye zilikuwa zamu: unalipa kwa dakika, mwenye duka anakuchungulia, kijana wa meza ya pili anakuonyesha jinsi ya kufungua barua pepe yako ya kwanza.

Sasa tazama chumba cha watoto wako. Mashine 31, na foleni hakuna. Hakuna anayekungojea wala unayemwonyesha. Umekusanya vyuma vyote vya chumba kile cha Homa Bay ukawaacha watu nje, na ndiyo maana ya thelathini haikukutosha, ukatafuta ya thelathini na moja. Ungepata mia ingekuwa hivyo hivyo.

Mkopo

Sasa tufike kwa Nyar Kendu.

Usiniambie kwamba mke wako hazipendi kompyuta. Kwa muda wote ule alivumilia monita chumbani na watoto sebuleni. Mke asiyependa angezitoa nje mvua ya kwanza. Kilichomvunja ni Agosti. Ulimtazama machoni ukamwambia nyumba ya kijijini, nawe moyoni unajua ni Pentium. Hapo tatizo liliacha kuwa la kompyuta. Ungekuwa umezitumia fedha hizo kwa ng'ombe wa gredi angekasirika vilevile, na angekuwa na haki vilevile.

Tena mkopo wa SACCO haumfungi mwenye kukopa peke yake. Wako walimu wenzako waliokuwekea sahihi ya udhamini. Ukishindwa kulipa, akiba yao ndiyo itakayokatwa, na katika chumba cha walimu hutakuwa tena yule mwenye mapenzi ya mashine za zamani. Utakuwa yule aliyefanya watu wakatwe akiba kwa ajili ya vyuma. Jina likishabadilika hivyo halirudi upesi.

Kwa hiyo mkopo wa pili, hapana. Binamu yako anakutakia mema, lakini hesabu yake ni ya ndoto. Mgeni anayetoka mbali kuja Migori huulizia Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe zilizojengwa bila chokaa zikasimama karne kadhaa, zikaingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Hatakuja kulipa aone Pentium. Kwao alizitupa mwenyewe. Pengine mmesoma kwamba kompyuta ya zamani iliuzwa New York mwaka 2014 kwa dola zaidi ya 900,000. Ni kweli. Ile ilikuwa Apple-1, iliyotengenezwa mwaka 1976 kwa mkono, na zilizopata kutengenezwa ni kama 200 tu. Pentium zilitoka viwandani kwa mamilioni. Hata Commodore yako, aina yake iliuzwa zaidi ya milioni 10. Ipende, lakini usiiwekee rehani shamba la mtu.

Cha kufanya ni hiki. Nunua daftari. Andika kila mashine, ulikoitoa, siku uliyoinunua, bei uliyolipa, na kama ni fedha za mkopo au za mshahara. Usisahau nauli, na yule boda boda aliyebeba monita. Kisha mpe Nyar Kendu alisome lote, wewe ukae kimya. Atakapouliza, jibu lililoulizwa. Mpango wa kulipa deni aupange yeye nawe, na neno la mwisho juu ya kitakachouzwa kwanza liwe lake. Ukiona hilo ni gumu, kumbuka yeye alikubaliana na mengi asiyoulizwa.

Barua za watu

Aya ya mwisho ya barua yako ndiyo iliyoniondolea usingizi, nawe uliiandika kana kwamba unanieleza unavyopenda chai.

Unasoma barua za watu. Tuseme msichana aliyeandika maombi ya kazi Mombasa, mama aliyemlilia mwanawe aliye Dubai, yule aliyechapisha hati ya kiapo juu ya shamba la Kanyamkago, yule aliyeandika mapenzi kwa mtu asiye wake: hawakukuandikia wewe. Walilipa kwa dakika, wakainuka, wakadhani wameondoka na mambo yao. Wengi wao wako hai. Unapanga nao foleni ya sukari. Siku moja utamwona mmoja sokoni na uso wako utakusaliti, au mwanao atafungua faili ukiwa darasani amsimulie mwenzake. Migori si mji mkubwa kiasi hicho.

Kuna pia nakala za vitambulisho, namba za kodi na vyeti vya watu kwenye mashine za saiba. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019. Umenunua chuma na plastiki. Habari za watu hazikuwa za mwenye saiba, kwa hiyo hakuwa na haki ya kukuuzia.

Acha leo usiku. Sisemi Jumatatu. Na usidhani kufuta faili au kufomati kunatosha. Vijana wa saiba wanavirudisha vitu hivyo kwa dakika chache. Kuna programu za bure, kama DBAN, zinazoandika juu ya diski nzima hadi kisibaki kitu. Diski iliyokufa isiyowaka, mpelekee fundi wa jua kali aitoboe kwa drili mbele yako. Hakuna kompyuta itakayotoka nyumbani kwako, kwa kuuzwa wala kutolewa bure, kabla ya kufanyiwa hivyo.

Najua kwa nini barua zile hukutuliza. Ni sauti za watu wa wakati ambao kaka alikuwa hai. Basi keti uandike ya kwako: kuhusu kaka, Mbita, omena, siku aliyokulipia karo. Iandike kwenye WordPerfect ukipenda, kwenye ile 486. Hiyo una haki nayo.

Zile tatu za stoo

Hizi zirudishe. Au zipate karatasi. Neno la naibu wa mkuu kando ya mlango wa stoo halina uzito siku mkaguzi anapofungua rejista ya mali akakuta namba tatu hazipo. Sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 ina masharti juu ya jinsi taasisi inavyotoa vitu chakavu, na ina masharti makali zaidi pale anayevichukua ni mtumishi wa taasisi hiyo hiyo. Wewe mwenyewe wajua TSC, tume ya walimu, haichekeshwi na maelezo ya nostaljia. Nenda kwa mkuu wa shule kabla hajakuita, umwambie: mashine hizi ziko kwangu, nimezitunza, naomba tufuate utaratibu. Anayejileta mwenyewe husikilizwa kwa sikio jingine.

Bwana wa Macalder

Hapa nitasema mengi kidogo, maana anakujaribu mahali unapoumia: ana fedha taslimu na wewe una deni.

Hakudanganyi kwamba dhahabu imo. Miguu ya kadi na vijipande vya ndani hupakwa dhahabu, na tani ya bodi za kompyuta huweza kuwa na dhahabu nyingi kuliko tani ya mawe ya mgodini. Lakini wewe huna tani. Bodi zako 31 zote pamoja, uzitoe hadi kipande cha mwisho, zitakupa gramu chache. Na wewe hutauza gramu, utauza taka. Faida ni yake.

Macalder unaijua historia yake. Mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu ulifanya kazi pale hadi miaka ya 1960, na bwawa la umeme la Gogo kwenye mto Kuja lilijengwa wakati wa uhai wake. Wenye mgodi waliondoka, wachimbaji wadogo wakabaki, Nyatike yote hadi Osiri na Mikei, na zebaki ikawa chombo cha kila siku, mama na mtoto wakichanganya tope kwa mikono mitupu. Sasa ongeza juu yake kuchoma bodi za kompyuta. Plastiki ile ina kemikali za kuzuia moto. Ikichomwa moshi wake ni sumu. Risasi ya kulehemu inayeyuka. Kisha asidi inayolamba dhahabu humwagwa mahali, na mahali penyewe unapajua: mtaroni, kutoka mtaroni Kuja, kutoka Kuja ziwani. Omena wa Mbita wako ziwa hilo hilo.

Monita ndizo mbaya zaidi. Kioo cha monita nene ya rangi kina risasi, kilo nzima au zaidi. Bwana huyo hatazitaka. Atatoa waya wa shaba, kioo atakivunja akiache nyasini, mtoto wa mtu akichezee.

Kwa hiyo usimuuzie, hata akiongeza bei, na ataongeza. Na wauza skrepu wengine wa mjini, uliza leseni kwanza. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inaidai.

Zipi zibaki

Hapa ninajua utanikasirikia. Zibaki nne.

Amstrad PCW ibaki. Aina ile ilitoka mwaka 1985, ikiuzwa pamoja na printa yake, ikafanya kazi za misheni na ofisi nyingi kwa kioo chake cha kijani. Diski zake ni za inchi 3, si zile za inchi 3 na nusu tulizozizoea, kwa hiyo ukizipoteza hutazipata Migori wala Kisumu. Ikiwaka lakini haisomi diski, usimlaumu fundi: kiendeshi chake huzungushwa na mkanda wa mpira ambao kwa uzee hugeuka ute. Mkanda ni wa kubadilisha.

Commodore 64 ibaki, lakini kile kitofali chake cha umeme usikiamini. Vile vya zamani vikiharibika haviachi kutoa umeme. Vinatoa mwingi kupita kiasi na kuunguza vipande vya ndani. Pima kwanza volti, au tafuta kingine kipya.

Na 486 mbili zibaki, kwa sababu hizo ndizo chumba chako cha Homa Bay. Zifungue leo, utazame kama kuna kibetri kilichobandikwa kwenye bodi. Betri hizo huvuja, na maji yake hula njia za shaba kimya kimya. Kitoe. Utaiandikia tarehe na mipangilio ya diski kila ukiwasha, basi. Hata zamani tulifanya hivyo.

Pentium za saiba hazina upungufu duniani, na kila utakachotaka kukikumbuka ndani yake kinaingia kwenye laptopu ya kawaida. Kuna programu ya bure iitwayo DOSBox inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye ya 1990; Prince of Persia itarukaruka humo kama kawaida, na Lotus itafunguka. Zinazowaka, safisha diski, uwape wanafunzi wa chuo cha ufundi wajifunze kufungua na kufunga. Zilizokufa na monita zote mbovu zifike kwa wanaovunja taka za umeme kwa utaratibu, kama WEEE Centre ya Nairobi. Nauli ya mzigo ni fedha, najua. Iandike kwenye lile daftari.

Umeme na ziwa

Nimekumbuka watoto wanapita mle chumbani. Usimruhusu mtu yeyote kufungua monita, hata wewe. Ndani umeme hupanda hadi volti 20,000 na zaidi, na chaji hubaki baada ya kuchomoa waya. Usizipange juu ya kabati. Ya inchi 17 inakaribia kilo 15 au inazidi, nayo ikianguka haiangukii mkubwa. Kompyuta iliyotoka Marekani, kabla ya kuichomeka tazama nyuma kijiswichi chekundu: kikiwa 115, umeme wetu wa 240 utakujibu kwa kishindo na moshi. Mawingu yakikusanyika kutoka ziwani jioni, chomoa kila kitu ukutani, maana ukanda huu wetu hadi Kisii hupigwa radi vibaya. Na zifunike. Unyevu, vumbi, na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wakaingia kila tundu, wote huzeesha mashine kuliko miaka.

Zamu za Jumamosi

Ukishamaliza na Nyar Kendu, na ukishamaliza na mkuu wa shule, mpelekee huyo mkuu pendekezo la ukurasa mmoja. Chumba kimoja shuleni, mashine zako nne, kwa mkataba ulioandikwa kwamba ni zako na umeziazimisha. Jumamosi asubuhi, wanafunzi watatu kwa mashine moja. Mmoja anachapa, wa pili anasoma amri, wa tatu anatazama saa, kisha wanabadilishana. Waandike programu ya mistari kumi kwenye Commodore. Waambie mashine hiyo ina kumbukumbu ya kilobaiti 64, halafu wachukue picha moja ya simu, tuseme ya megabaiti 3, wapige hesabu ni Commodore ngapi zingehitajika kuibeba. Ni 48, lakini usiwaambie.

Mfano wa kuhifadhi vitu vya jamii kwa fedha kidogo unao karibu. Kisiwani Mfangano liko jumba la Abasuba Community Peace Museum, lililotokana na wenyeji walioona michoro yao ya miambani na lugha yao vinapotea. Panda boti siku ya likizo, uende na familia, ukaulize jinsi wanavyojiendesha. Pitia Mbita ukishuka.

Ukiwa na hamu ya kununua ya thelathini na mbili, na hamu itakuja, pengine mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, mwonyeshe kwanza Nyar Kendu picha yake na bei. Akisema hapana, ni hapana.

Chumba cha watoto kiwe wazi kabla shule hazijafunga muhula huu. Na unapompa daftari, usimpe mezani. Mchukue hadi chumbani, ahesabu mashine mwenyewe kwa mkono, alinganishe na ulichoandika. Zikizidi daftari hata kwa moja, anza kuandika upya.